Plasta kwenye Hita ya Gesti

Juzi, kwenye gesti moja ya Kibiti, mama mmoja alitoka bafuni ameshika ukuta, akamfokea mhudumu. Umbea wangu ukanipeleka nami nikashuhudie.

"Kaka, nimeoga nusu tu, kizunguzungu kimenishika. Hii hita yenu ya gesi inajizima kila mara. Na hii plasta mmeibandika ya nini?"

Mhudumu akaingia bafuni, akaibandua kwa ukucha. Chini yake kioo kidogo kilikuwa kinawaka alama ya hitilafu: E3.

"Inatokea tu hiyo, mama. Wageni wakiiona wanauliza sana, ndiyo tukaifunika."

"Maana yake nini?"

"Kitabu chake anacho bosi. Sisi tunazima, tunawasha, inakubali."

Mama akainua macho. Dirisha la bafu lilikuwa limezibwa kwa kiroba, eti mbu wasiingie.

"Gesi inaungua humu na hewa haina pa kupita! Mtatuua!" Akafunga mtungi, akakichana kiroba. "Asioge mtu mpaka fundi aje."

"Sawa, mama," mhudumu akajibu kwa adabu zote, huku anairudisha plasta mahali pake na kuipapasa ishike vizuri.

Gesti nzima, aliyekuwa akisema kweli ni hita peke yake. Ndiyo iliyozibwa mdomo.