OUT ya Amplifaya ya Msikiti

Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Fundi aliyetufungia amplifaya mpya msikitini hapa Mahege alinikanya nisiguse chaneli. Nikamfukuza; mimi nimefungua redio na kuzitengeneza yeye hajazaliwa! Kwenye kioo, chaneli ya spika za mnarani imeandikwa OUT. Mpira ukitoka auti haupo mchezoni, basi nikajua mnarani kumezimwa. Nikashika maiki kujaribu sauti ya ndani, huku namlalamikia muadhini: "Leo Ngwele ananijibu posa ya mwanangu. Bahili yule, uso kama kambale! Namvumilia kwa ajili ya binti yake tu."

Ngwele akaingia kutoka barabarani, viatu mkononi.

"Endelea, mzee mwenzangu. Kijiji cha pili, Kiongoroni, hawajakusikia vizuri. Ukimaliza, pitia kwangu uchukue barua yako ya posa."