Nyuki Walipomkataa Odilia

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka porini nje kidogo ya mji wa Kibondo. Odilia Nsengimana (53) amesimama hatua ishirini kutoka kwenye mzinga, mikono kiunoni, hafanyi lolote.

"Nangoja jasho likauke," ananong'ona. "Nikiwaendea hivi hawaniachi."

Kisha anacheka. Mwaka jana hakuwa na kicheko.

Asali imemsomeshea watoto watano kwa miaka kumi na saba. Lakini mwaka 2013, baada ya kukoma hedhi, joto lilianza kumpanda ghafla kifuani hadi usoni, moyo ukimdunda, nguo zikilowa. Nyuki hawapendi harufu ya jasho. Siku moja mumewe, Ildefonsi, alimchomoa miiba ishirini na mitatu.

Mzee huyo alikuwa na jibu lake. "Nilimwambia, mama Raymond, ni hiyo sabuni yako ya kunukia," anakiri.

Odilia akaoga maji matupu mwezi mzima. Akachomwa vilevile. Mwishowe akabaki nyumbani, na hilo lilimuuma kuliko nyuki wenyewe.

Shamsia, mwenye duka jirani, ndiye aliyemdokeza kuwa kuna vidonge vya homoni vya kulinda moyo wa mama aliyekoma hedhi. Odilia akaenda hospitali kuviomba. Daktari Herieth, mwenyeji wa Moshi, akampima kwanza: presha 170 kwa 100.

"Homoni hupunguza lile joto, lakini hatuzitoi ili kulinda moyo," anasema daktari. "Kwa moyo wake, tulianza na presha."

Dawa kila siku, chumvi kidogo, kutembea kila jioni. Miezi minane baadaye presha ni 130 kwa 80.

"Joto bado linakuja," anasema Odilia. "Ila sasa nalijua. Nasimama, linapita, naendelea na kazi."

Leo, Juni 2014, ndiyo siku yake ya kwanza kurudi. Anavaa kofia ya wavu, anapuliza moshi, anafunua mzinga. Hadi saa mbili ndoo mbili zimejaa, hajachomwa hata mara moja, naye anaimba kwa sauti kubwa.

Anataka kuongeza mizinga kumi kabla ya mvua za Oktoba. Wenzake kumi na wawili wa kikundi chao cha wafuga nyuki amekwishawapeleka kupima presha.

Nyumbani, Ildefonsi anatoa kifurushi cha gazeti alichoficha juu ya kabati. Ndani mna sabuni ya kunukia.

"Ya Jumapili tu," anasema, akitazama pembeni.

Odilia anainusa, anachukua ndoo ya maji.

"Baba Raymond, kwangu leo ndiyo Jumapili."