Niliomba Viza Mwenyewe, Nikiwa na Baba Wawili

Nilitaka kujua wakala wa viza anajua nini nisichokijua mimi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na naitaja mapema ili msije mkadhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya mambo ya maabara Ulaya, na ufadhili juu, na kila niliyemweleza aliniuliza wakala wangu ni nani, kana kwamba mtu hazaliwi bila wakala. Chuo kilikuwa kimeshasema kwamba asiyefika mwanzo wa muhula nafasi yake anapewa mwingine. Nchi yenyewe siitaji. Mama alinikataza kuitaja mpaka ndege ipae, kwa kuwa watu wana vijicho, na katika mambo hayo mimi na Mama hatubishani.

Mwananyamala, Jumamosi asubuhi. Safari ilianzia juu ya kitanda changu, kwenye chumba ninachopanga nyuma ya hospitali, kompyuta mapajani na chai pembeni. Fomu ya viza inachekesha ukiisoma taratibu. Iliniuliza kama nimewahi kushiriki uhalifu wa kivita, na kama nina nia ya kufanya ugaidi nikifika. Nilikaa nikimfikiria mtu anayejibu ndiyo. Nikaendelea, nikaulizwa jina la baba, nikaandika Hamisi, nikapita bila kufikiri.

Hapo inabidi niwaeleze jambo. Aliyenizaa ni Saidi, mdogo wake Hamisi, na alifariki kabla sijajua kutembea. Mama mzazi akarudi kwao Newala, akaolewa huko, nami nikabaki Kipawa kwa Baba Mkubwa Hamisi na mkewe, ambaye ndiye Mama niliyemtaja. Sisi watu wa Kusini, kaka wa baba ni baba, wala halijadiliwi. Nyumbani hatukusema "mkubwa", na Saidi hakutajwa, ili nisijione yatima. Jina lake lilibaki katikati ya jina langu tu, nami nimelizoea kama mtu anavyozoea kovu la chanjo.

Mjini, Jumatatu. Nilipanda basi la mwendokasi kupitia Magomeni hadi kituo cha kupokelea maombi. Nilijipanga vizuri: pasipoti, barua ya chuo, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi iliyoandikwa na Baba kwa mkono wake. Foleni ilinifurahisha. Karibu kila mtu alikuwa na bahasha kutoka kwa wakala wake na hakujua kilichomo ndani. Kijana aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli dirishani wanakukagua meno. Nilimwambia sijui, lakini nitamtazamia.

Dirishani nilimkuta dada mmoja mpole mwenye miwani. Alisoma karatasi zangu mara moja, akarudia, kisha akazigeuza zinielekee na kuweka kidole kwenye fomu, kwenye cheti, na kwenye barua ya Baba iliyoanza, "Mimi baba mzazi wa Mwanaidi."

"Hapa baba ni Hamisi, hapa ni Saidi," alisema. "Wanaosoma haya wako mbali, dada yangu. Hawajui ukoo wenu. Wataona umedanganya."

Nilijaribu kumweleza. Akanijibu kwamba yeye ameelewa sana, na kwamba hata kwao Songea ni hivyohivyo, ila anayeamua siye yeye. Nirekebishe fomu na nilete kiapo cha Hamisi, mbele ya wakili, kwamba yeye ni baba mkubwa na si baba mzazi. Alinipangia miadi nyingine wiki iliyofuata, ya mwisho ambayo ingeniwahisha chuo. Nilitoka nje. Kurudia fomu ni kazi ndogo. Lakini nani angemwambia Baba akaape mbele ya mgeni kwamba mimi si mwanawe?

Manzese, alasiri. Nakiri kwamba nilikwenda kwa wakala. Sikwenda kumlipa, nilitaka kusikia angesema nini. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya karakana ya milango ya chuma, kwa hiyo tuliongea kwa kupokezana na nyundo. Ukutani kulikuwa na picha za theluji. Nilimsimulia tatizo langu, naye akacheka kwa huruma.

"Sista, hiyo ishu ndogo," alisema. "Tunakutolea cheti kipya. Baba anakuwa Hamisi, kila kitu kinaoana, umemaliza."

Nilishuka ngazi nikiwa na mshangao wa ajabu. Karatasi ya kughushi ingesema kile ninachokiamini tangu utotoni, na karatasi ya halali ingemkana mzee wangu. Nasema kweli, nilitamani ile ya kughushi. Nilisimama pale barabarani muda mrefu nikiitamani. Kilichonizuia hakikuwa ucha Mungu peke yake. Niliona kwamba cheti hicho kingemfuta Saidi, mtu ambaye hana mwingine wa kumwandika.

Kipawa, Jumanne jioni. Nyumba yetu iko karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikishuka watu wa kwetu hukatiza sentensi, wakasubiri, wakaendelea pale walipoishia. Nilimwamkia Baba, nikala kwanza, ndipo nikasema. Baba hakunitazama. Aliuliza kosa lake ni nini hasa, nikamwambia hakuna kosa, ni utaratibu wao tu. Akasimama, akaenda kumimina maji kwenye ndoo iliyokuwa imejaa tayari. Mama alinikata jicho. Niliumia, na nilijiona sina shukrani.

Aliporudi aliuliza, "Hao wazungu wanamtaka Saidi?"

"Wanataka kujua ndiye baba yangu."

"Basi wanamtaka." Akakaa. Ndege ikapita, tukasubiri. "Hujawahi kuniuliza habari zake."

Nikamwambia niliogopa kumuudhi. Akasema naye aliogopa kuniliza, na hivyo tumekaa miaka yote hiyo tukiogopana kama wachumba. Kisha akasimulia, na sikutaka anyamaze. Saidi alikuwa mtu wa kuuliza mpaka anachosha. Alimuuliza imamu maswali katikati ya darsa. Siku moja alilifuata lori la mafuta mpaka getini uwanja wa ndege kwa sababu alitaka kujua ndege inajazwa upande gani, walinzi wakamkalisha kivulini hadi kaka yake alipokwenda kumwombea radhi. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Na mimi niliyekwea ghorofa Manzese ili kumchungulia wakala nikaelewa udadisi wangu nimeurithi kwa nani.

Alhamisi, kwa wakili. Ofisi iko palepale Kipawa, na Baba alivaa kanzu na kofia kama anayekwenda kuozesha binti. Wakili alisoma kiapo kwa sauti hadi pale palipoandikwa kwamba Hamisi "si baba mzazi". Baba akamwomba aishie hapo.

"Hapo mie siapi," alisema. "Andika, mie ni kaka wa baba yake, na nimemlea. Wenye akili wataelewa."

Wakili alifikiri, akakubali, akaandika upya. Baba akaapa bila kusitasita, mhuri ukagongwa.

Dirishani tena, wiki iliyofuata. Dada wa miwani alisoma kiapo, akatabasamu alipofika penye "kaka wa baba yake", akapokea kila kitu. Meno hawakagui, nilitazama. Nimejifunza kwamba siri ya wakala ni ndogo: anajua maswali ya fomu, na mengine yote unayo nyumbani kwako, ukithubutu kuyauliza.

Pasipoti ilipotoka niliifungua mbele ya mlinzi, nikaiona viza, nikamkumbatia mama muuza maji nisiyemjua. Kisha nikaenda moja kwa moja Kipawa. Baba alichukua miwani yake, akaisogeza pasipoti kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole taratibu juu ya jina langu. Akatafuta chini yake, akageuza ukurasa, akarudi.

"Mie hawajaniandika?"

"Hawaandiki wazazi, Baba. Ni jina langu tu."

"Saidi yumo."

"Yumo, kwa kuwa ni jina langu."

Akaifunga, akaipangusa kwenye kanzu, akanirudishia.

"Basi vizuri," alisema. "Mie nimekaa na wewe miaka yote hii. Sasa zamu yake."