Michembe Kwenye Sura ya Wadudu wa Pamba

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nimetuma michembe ya viazi vitamu vikavu Maswa kwa simu.

Nafanya kazi maktaba hapa Bariadi. Wenzetu wa Maswa wakihitaji sura ya kitabu tulicho nacho sisi, naiskani kwa simu, nawatumia. Bosi hupenda kusema kazi hiyo ni ya msomi, si ya mtu wa kidato cha nne. Labda yuko sahihi. Hata mimi hujiuliza.

Juzi waliomba sura ya wadudu wa pamba. Kitabu ni kinene, kinajifunga ovyo, basi nikaweka simu kwenye stendi ipige picha yenyewe kila ikiona ukurasa. Katikati njaa ikanibana. Nikafungua kontena langu la michembe na karanga pale pale mezani, mimi niliyemtoa mzee mmoja nje asubuhi kwa sababu ya andazi! Kontena lina pembe nne, simu ikadhani ni ukurasa. Nikatuma bila kukagua. Kosa hilo ni langu, si la simu.

Kesho yake Maswa wakapiga. Bosi akaweka spika, wasomaji wakatega masikio.

"Mwangaluka, dada. Baada ya ukurasa wa funza wa vitumba kuna chakula. Na vidole vinachota."

Bosi akanigeukia. "Vidole vya nani?"

"Vyangu," nikasema, kisha nikaiinamia simu. "Kaka, kurasa zote zimefika? Zinasomeka?"

"Zote, dada. Hata karanga zinahesabika."

"Umesikia, bosi? Zinasomeka."