Mteremko wa Kilian

Asubuhi za mwezi wa tatu, ukisimama juu ya mlima wetu kule Kingerikiti, ziwa hulioni. Chini kuna weupe mtupu, na mgeni anaweza kudhani dunia imeishia pale kwenye migomba ya mwisho. Jua likipanda, weupe unachanika taratibu, na maji yanatokea mbali sana, rangi moja na mbingu. Kaka yangu Kilian alipenda kusimama pale na jembe begani. Nilipokuwa mdogo nilifikiri kuna kitu anakisubiri. Baadaye niliona kwamba alikuwa anatazama tu.

Kwa mama yetu Walburga tulizaliwa wawili, wote wanaume. Kwetu Umatengoni kazi ya ngolo, kilimo chetu cha mashimo, imegawanywa tangu zamani. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unafanana na wavu uliotandazwa. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba shimo katikati ya kila mraba, na kwa udongo wake anazifunika zile nyasi ziwe matuta. Maharage yanapandwa juu ya matuta, mvua inatuama mashimoni, na udongo wetu hauteremki kwenda ziwani. Mama hakuwa na binti, kwa hiyo majembe alitupa sisi. Watoto wenzetu walitucheka. Mimi niliona aibu na kuchimba nimeinama, nisiuone uso wa mtu. Kilian alikuwa anachimba huku anaimba nyimbo za kwaya, na mashimo yake yalikuwa ya duara safi.

Alimaliza darasa la saba kama mimi. Alipokuwa mkubwa alizoea kuteremka na maharage mpaka pwani, upande wa Liuli, na kurudi na usipa mkavu, dagaa wa ziwani. Huko alimpata rafiki yake Allen, fundi wa mitumbwi, mtu wa kanisa la Anglikana, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Safari moja nilimsindikiza. Tulikaa mchangani kula samaki. Mbali majini wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wanapanda juu kama moshi, nguzo baada ya nguzo, bila moto wowote chini. Allen alikuwa anatoa miiba kwenye samaki na kuisogeza nyama upande wa Kilian. Kilian alikuwa anakula na kutazama ile nguzo ya wadudu ikiinama na upepo. Mke wangu Hilda ananitolea miiba hivyo hivyo nyumbani, kwa hiyo nilielewa, nikainamia chakula changu.

Baba alifariki mwaka tisini na tano. Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi walianza kupanda na magari yao mpaka mlangoni kuulizia kahawa, na mlima ambao zamani ulikuwa mlima tu, sasa kila mtu alijua unaanzia wapi na kuishia wapi. Ukoo wetu wote unakaa kwenye mlima mmoja, tunaouita ntambo, na mkubwa wake alikuwa Baba Mkubwa Bernadi. Mwanamume anakatiwa mteremko wake akioa. Mimi nilishakatiwa. Kilian alikuwa na miaka thelathini na minne, na kahawa aliyoipanda kwa mikono yake ilikuwa bado inahesabika kuwa ya marehemu.

Baba Mkubwa alimtafutia mchumba kijiji cha Mapera, binti wa watu wazuri, anaitwa Asteria. Kilian alikwenda kwa Baba Mkubwa akapiga goti.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Msiende kuposa. Nitamtesa mtoto wa watu bure."

"Utamtesaje? Unakunywa?"

"Sinywi. Moyo wangu hauendi kwa wanawake, Baba. Haujawahi kwenda."

Baba Mkubwa akasema jambo hilo litaamuliwa kwenye sengu.

Sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, na baada ya kula wanasema yaliyopo. Jumapili hiyo, kabla hatujaenda, nilimkuta Kilian anaanika kahawa kwenye kichanja. Nilimsaidia kuchambua. Ni rahisi kwangu kuzungumza mikono ikiwa na kazi.

"Kaka, imeanza lini?"

"Nini?"

"Hiyo."

Alicheka kidogo. "Wewe uliamua siku gani kumpenda Hilda?"

Nilifikiri. Nilimkumbuka Hilda amebeba ndoo ya maji, nguo imelowa begani, na mimi nimesimama njiani kama mti. Sikukumbuka kuamua kitu.

"Sikuamua," nikasema.

"Basi," akasema, akaendelea kugeuza kahawa. Halafu kwa sauti ya chini: "Wakininyima huu mteremko, mdogo wangu, sijui nitakuwa mtu wa wapi. Pwani mimi ni mgeni. Nafahamu kuchimba mlima tu."

Tulikula kwa Baba Mkubwa. Mama na wanawake wengine walileta ugali na maharage, wakarudi jikoni, ila mlango wa jiko walikuwa wameuacha wazi. Baada ya kunawa, Baba Mkubwa alilieleza jambo lenyewe kwa maneno machache. Hakuna aliyecheka. Kisha Egidi, mwanawe wa kwanza, ambaye mashamba yake yanapakana na ya Kilian, akajinyoosha.

"Mimi nasema ni hizi video za Mbinga mjini. Tangu kuja soko huria kila kitu kinaingia. Leo viatu, kesho mambo haya."

"Kilian amewahi kuona video?" Baba Mkubwa akauliza.

"Sijawahi," Kilian akasema. "Egidi ndiye anayekwenda kuziona kila mnada."

Hapo watu walicheka, hata Egidi mwenyewe.

"Haya, si video," Egidi akasema. "Basi ni kulelewa. Mnajua wote alilelewaje. Mama Mdogo Walburga alimpa jembe la kike, akachimba ngolo miaka yote kama binti. Mtoto ukimpa kazi ya mwanamke, moyo unafuata mikono. Sasa mtu wa namna hiyo mnampaje mteremko? Atafyeka nani, atachimba nani?"

Niliona vichwa vinakubali. Maneno yale yaliwafaa, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kutuona tumeinama na majembe, na kila mmoja alikuwa ametucheka. Baba Mkubwa naye akasema polepole, "Hilo linaingia akilini." Kilian alikuwa anatazama sakafu. Kutoka jikoni sauti za vyombo zilikoma, na nilijua mama amesikia kwamba lawama imewekwa juu yake.

Mimi kwenye sengu sijawahi kusema. Miaka kumi nilikuwa nakula na kusikiliza. Siku ile masikio yalinivuma kama niko ndani ya maji, na watu walionekana mbali, midomo yao ikienda bila sauti. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama.

"Baba Mkubwa," nikasema, "na mimi nilichimba."

"Sema kwa sauti, Placidi."

"Nilichimba ngolo pamoja naye. Mlima ule ule, jembe la mama yule yule. Tena mimi nilichimba zaidi, kwa sababu Kilian alianza kuteremka pwani akaniachia. Hata sasa Hilda akiwa na mimba nachimba mimi. Na nina watoto watano."

"Sita," mama akasema kutoka jikoni. "Hilda ana mwingine tumboni."

Walicheka tena, kicheko kirefu, na mimi nilitamani sakafu inifunike. Lakini sikukaa.

Mama akaja mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono. Si desturi mwanamke kusimama pale. "Shemeji," alimwambia Baba Mkubwa, "nilikuwa na maziwa ya aina moja na majembe ya aina moja. Kama ningekuwa na dawa ya kuwatengeneza, ningewatengeneza wafanane. Mmoja hata kuomba chumvi anaona haya. Mwingine anaimba. Sikuwafundisha hayo pia."

Egidi alisema labda ni ukoo wa mama. Mzee mmoja alisema labda ni mwezi aliozaliwa. Mwingine alitaja majina ya wanaume wawili wa zamani, waliokufa bila kuoa, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Kila sababu ilipotajwa, mtu mwingine aliona mahali isipofaa, na mchana ulianza kuegemea upande wa ziwa.

"Tumezunguka sana," Baba Mkubwa akasema mwishoni. "Hili jambo silipendi, na silifichi hilo. Kanisa nalo halilipendi. Lakini inatoka wapi, hatujui, na hata tungejua, kahawa ile imepandwa na Kilian. Tutamkatia. Egidi, wewe utachukua pale bondeni penye mkondo wa maji, na maneno yamekwisha."

Bondeni palikuwa na miti bora ya Kilian. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akampa Baba Mkubwa mkono.

Mipaka ilipimwa kesho yake asubuhi, na ukungu ulikuwa umepanda mpaka milangoni. Mtu ukinyoosha mkono, vidole vinapotea. Baba Mkubwa hakutaka kuahirisha, kwa hiyo alituweka mmoja mmoja kwenye pembe, kila mtu aite, na yeye atembee na vigingi vyake vya mpaka kufuata sauti. Egidi aliita kutoka bondeni. Mzee mmoja aliita kutoka juu. Pembe ya mwisho, ya upande wa ziwa, alisimama Kilian, na jirani yake nilikuwa mimi. Sikumwona. Nilisikia miguu ya Baba Mkubwa kwenye nyasi zilizolowa, ikisimama, haijui iende wapi.

"Niko hapa," Kilian akaita.

Baba Mkubwa aliuliza hapo ni wapi. Nikajaza kifua, nikaita na mimi, kwa sauti ambayo mpaka siku ile hakuna mtu wa mlima ule aliyewahi kuisikia, nikimwambia apite kulia, mpaka wa kaka yangu uko huku.