Mkate wa Pashedu Ukutani

Wabet alikuwa mpika pombe wa Thebe, upande wa magharibi wa Mto, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pombe yake. Wachonga mawe wa hekalu jipya walimwogopa, lakini jua likipanda kila mmoja alikuja kwake na bakuli. Ukimchokoza, umejitakia mwenyewe.

Mwanawe wa pekee, Pashedu, alikwenda Kadeshi kupigana na Wahiti, asirudi. Wapiga mbiu wakapita mitaani wakitangaza kwamba Farao, peke yake juu ya gari lake la farasi, alilifagia jeshi zima la Wahiti mpaka mtoni. Watu wakashangilia. Wabet akauliza palepale kisimani, "Kama alishinda peke yake, mwanangu alikwenda kufanya nini? Kumshikia viatu?"

Jirani yake Tamit akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza we, shoga. Utatuponza sote."

Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo wasemavyo. Basi nyasi za Kadeshi hata kaburi hazikupata. Hilo ndilo lililomkosesha Wabet usingizi. Kufa kila mtu atakufa. Lakini asiye na kaburi hana mlango wa kupelekewa chakula, na asiyepelekewa chakula kule aendako hufa mara ya pili, kwa njaa, na kifo hicho hakina mwisho. Na Pashedu alivyopenda kula, maskini! Alikuwa akiiba mkate ungali moto, akiungua vidole huku anacheka.

Kisha ikaja amri kwamba vita vya Kadeshi vichongwe kwenye ukuta wa nje wa hekalu. Nakhi, mchongaji aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwa Wabet, akapewa sehemu ya kambi ya jeshi. Wabet alimfuata hata kabla hajafungua mfuko wa patasi.

"Nakhi, baba, nichongee mwanangu. Mlaze chini, mfu, nipate pa kumlilia."

"Siwezi, mama. Kwenye ukuta huu wanaoanguka ni Wahiti tu."

"Hata uongo una mpaka, Nakhi."

"Si uongo peke yake. Kinachochongwa hakikomi, wewe unajua. Nikimchonga ameanguka, ataanguka kila siku, milele. Unataka hivyo?"

Wabet akakaa juu ya jiwe na kulia waziwazi mbele ya wanaume, wala hakujali. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa nguo.

"Basi mchonge anakula," akasema.

Nakhi alifanya hivyo. Siku msimamizi wa kazi alipovuka Mto kwa shughuli zake, akamwita Wabet aje aone. Katikati ya mahema na punda alikuwepo kijana ameketi, masikio makubwa ya babake kichwani, mkate mkononi. Wabet akamgusa masikio. Halafu macho yake yakahamia pembeni mwa kambi, ambako magari ya Wahiti yalikuwa yakiingia kwa kasi, mikuki mbele.

"Na hawa? Wanamjia mwanangu?"

"Hawafiki, mama. Ukutani hawafiki kamwe."

Wabet akashusha pumzi, moyo ukamtulia. Akarudi kumtazama kijana wake, akamtazama sana, na uso wake ukabadilika tena. Kati ya mkate na mdomo palikuwa na nafasi, upana wa kidole.

"Nakhi. Kama wao hawafiki, basi na mkate huu haufiki."

Nakhi akasogea, akatazama. Kazi yake mwenyewe, na hakuwa ameliona hilo. Umri wote ule wa kuchonga watu wakiinua vyakula, na kumbe! Aibu ikamshika. Akakanda chokaa, akaziba ule mkono, akasubiri ukauke huku wote wawili wamekaa kivulini. Kisha akachonga upya. Safari hii mkate uliingia mdomoni, na kwa kuwa Pashedu hakuwa mtu wa kumega kidogo, Nakhi akalitunisha na shavu.

Wabet akasimama karibu na ukuta, akapuliza vumbi la jiwe litoke kwenye lile shavu.

"Tafuna taratibu, mwanangu," akasema. "Hakuna anayekunyang'anya."