Uzi Ndani ya Kola

Mama Pasi, Mungu amlaze pema, alikuwa dobi asiyetia alama nguo ya mtu. Madobi wenzake walishona namba, wengine waliandika kwa wino. Yeye aliwacheka. "Nguo ina mwenyewe kama mtoto alivyo na mamaye," alisema. "Ukiigusa tu, inakwambia." Miaka thelathini na mitatu aliishi ndani ya mvuke wa chumba cha nyuma, mashuka yakining'inia kimya kutoka ukuta hadi ukuta, mwanga wa dirisha ukipenya katikati yake mweupe kama maziwa. Haikupotea hata soksi moja.

Binti yake, kifungua mimba, aliyekuwa akikunja nguo pembeni yake tangu afiwe na mume, aliamini mama alizaliwa akijua.

Siku moja muuza nyama wa ng'ambo ya barabara aliingia, gauni jeupe la nesi, alilopewa badala ya shati lake, likiwa begani.

"Mama Pasi, nimepandishwa cheo bila kuambiwa? Nionyeshe basi wa kumdunga sindano!"

"Anza na ng'ombe wako. Tangu waje kwako hajapona hata mmoja."

Wakacheka wote mpaka machozi. Binti naye alicheka, ila aliona mkono wa mama ukilipapasa gauni lile, kwapani, pindoni, ukaganda kwenye kola.

Baada ya hapo mambo yalikuja kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Mama alinyunyizia maji shati ambalo tayari lilikuwa limelowa. Aliuliza, "Umekula, mwanangu?" akajibiwa, na kabla shati halijageuzwa upande wa pili akauliza tena kwa upole uleule. Pasi ilikutwa kabatini, imelala katikati ya foronya, imepoa, Mungu ashukuriwe. Jumanne moja binti alimkuta amesimama njia panda, hatua mia kutoka nyumbani, kikapu cha nguo mkononi, akizitazama barabara zote mbili kwa tabasamu la mgeni.

"Mama, vipi hapa?"

"Nausikiliza upepo."

Majirani walisema ni uzee. Binti akaishika kauli hiyo kwa mikono miwili, maana ilimpa nafuu. Kila asubuhi alimwomba Mungu iwe uzee tu, na moyoni alijua kwamba anafumba macho si kwa ajili ya sala peke yake.

Nesi, mwenye lile gauni, ndiye aliyemkalisha chini. "Dada, mtu mzima akisahau jina la mteja, baadaye humjia. Lakini njia ya kwake? Kazi aliyoifanya maisha yake yote? Mlete kwa daktari sasa, angali anaweza kujieleza mwenyewe. Huenda ni kitu kinachotibika. Na kama si hivyo, afadhali mpange mambo pamoja naye kuliko kumpangia."

Mama Pasi hakutaka hata kusikia. "Siumwi. Mnataka kunitoa kwenye pasi. Mkinitoa hapa, nichimbieni kaburi kabisa."

"Nani kasema hivyo, mama?"

"Macho yako. Nimekuzaa mimi."

Wiki mbili hawakuongea ila habari za sabuni. Kisha, siku ya kwenda ibadani, binti alivaa blauzi yake ya buluu na kitu kikamkwaruza shingoni. Akaivua, akageuza kola. Ndani kabisa palikuwa na uzi mwekundu, mishono mitatu midogo, safi. Akajitupia khanga, akaenda chumba cha pasi na kugeuza kola zote zilizotundikwa. Mashati ya muuza nyama, uzi wa njano. Magauni ya nesi, wa kijani. Hata koti la mwalimu, lililosahauliwa pale tangu mwaka uliopita, lilikuwa na uzi wake. Sasa binti akauelewa ule mkono ulioganda kwenye kola.

"Umeuona," mama alisema. Alikuwa ameketi nyuma ya mashuka, kivuli tu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nianze kusahau, kabla hamjagundua ninyi nyote. Mwanzo ulinisaidia. Siku hizi uzi nauona, mwenyewe simwoni."

"Na blauzi yangu? Mimi si mteja."

Shuka likatikisika kidogo. "Mwekundu ni wa nyumbani. Niliogopa, siku moja nitakukunja vizuri, nikupeleke kwa watu."

Binti akapita chini ya mashuka, akapiga magoti, akamlalia mapajani. Walikaa hivyo mpaka wakati wa ibada ukapita, na nadhani Mungu hakuwahesabia kosa.

"Twende kwa daktari, mama. Pasi haiondoki. Moto nitauangalia mimi, wewe utaangalia mikunjo."

"Lazima niiangalie. Yako imepinda kama barabara ya mlimani." Akaishika kola ya gauni lake. "Nitakwenda. Lakini na mimi nitie."

Binti akatunga uzi mwekundu. Alimshonea mama mishono mitatu ndani ya kola, akivuta taratibu asimchome.

Jumatatu walitoka pamoja, wameshikana mikono. Walipofika njia panda Mama Pasi alisimama, akazitazama barabara zote mbili. Akapeleka vidole shingoni pake, akapapasa. Kisha akapeleka vidole vilevile shingoni kwa binti.

"Wa nyumbani," akasema, akakubali kuongozwa.